Banda la mpira la Chang'ombe na mgeni aliyetoka Nebraska

Kwa miezi minne nimekuwa nikienda karibu kila Jumamosi kwenye banda moja la kuonyesha mpira lililopo Chang'ombe, hapa Dodoma, na nimeona ni haki kuliandika kwa kirefu, kwa kuwa ni bora kuliko mabanda yote niliyowahi kuingia mjini hapa, na mwenye banda anastahili wateja wengi zaidi ya alionao. Ninaliandika pia kwa sababu nyingine. Ndani ya banda hilo, kwenye benchi la tatu kutoka mbele, nilipata jibu la swali linaloulizwa sana vijiweni kwetu, hasa kila Kombe la Dunia linapokaribia: inakuwaje nchi kama Marekani, yenye fedha, viwanja na runinga karibu katika kila chumba, isiupende mpira wa miguu kwa kiasi tunachoupenda sisi? Kwa miaka mingi nilijibu kama wengine, kwamba Wamarekani hawana subira na wanataka magoli mengi. Leo naamini jibu hilo si sahihi.

Nianze na banda lenyewe. Limejengwa kwa mabati ndani ya ua wa nyumba ya kawaida, dakika chache kwa miguu kutoka barabara ya lami, na nje ya mlango kuna ubao mweusi ambao mwenye banda huuandika kwa chaki kila asubuhi: mechi za siku, saa, kiingilio, na chini yake msimamo wa ligi yetu kuanzia timu ya kwanza hadi ya 16. Ndani kuna mabenchi 12 ya mbao yaliyopangwa juu ya udongo ulioshindiliwa, na udongo huo humwagiwa maji saa moja kabla ya mechi ili vumbi litulie, huduma ambayo mtu wa Dodoma ataelewa thamani yake bila kuelezwa, kwa sababu upepo wetu wa mwezi wa nane haubishi hodi. Matundu ya misumari kwenye mabati yamezibwa, na mlangoni pananing'inia pazia zito la magunia yaliyoshonwa pamoja, hivyo hata mechi ya saa kumi jioni, jua likiwa bado kali, picha ya projekta huonekana vizuri hadi benchi la mwisho. Katika mabanda mengi niliyozoea, kabla ya saa kumi na mbili unatazama kivuli cha mpira.

Mwenye banda ni mama wa makamo ambaye wateja wote, wakubwa kwa wadogo, humwita Bi Mkubwa. Rimoti ya king'amuzi ameifunga kwa kipande cha kitenge na haitoki mkononi mwake kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Kiingilio ni shilingi 500, na siku ya Simba na Yanga ni shilingi 1,000. Anayetukana hutolewa nje bila kurudishiwa fedha yake. Mikeka ya kubeti hairuhusiwi kujadiliwa kwa sauti, na benchi la mbele upande wa kulia ni la akina mama na wasichana, ambao katika banda hili huja kwa idadi niliyokuwa sijaiona kwingineko. Kahawa ni ya moto na chungu kama inavyotakiwa, karanga hukaangwa palepale uani, na mayai ya kuchemsha huja na kachumbari yenye pilipili. Sauti ya mtangazaji wa Kiswahili inasikika bila kukwaruza, na wakati wa mapumziko Bi Mkubwa huipunguza ili watu wazungumze. Nimesisitiza jambo hili la mwisho kwa sababu ndilo lililo kiini cha haya ninayoyaandika.

Mgeni niliyekwenda naye ni kijana wa Kimarekani aliyepanga chumba nyumbani kwetu alipokuja kufanya utafiti wa mtama kwa wakulima wa vijiji vya jirani. Kwao ni jimbo la Nebraska, ambako pia hulimwa mtama, na ni jimbo lisilo na timu hata moja katika zile ligi nne kubwa za kulipwa za Marekani, yaani mpira wa Kimarekani (ule unaobebwa mikononi), kikapu, besiboli na hoki ya barafu. Lakini asidhani mtu kwamba ni watu wasiopenda michezo. Katika mji wa Lincoln, chuo kikuu cha jimbo hilo kina uwanja wa mpira wa Kimarekani unaobeba zaidi ya watu 80,000, na tiketi za kila mechi ya nyumbani zimekuwa zikiisha tangu mwaka 1962. Kijana huyu alikwenda uwanjani hapo akiwa amebebwa mabegani na baba yake, na baba yake naye alipelekwa na babu. Mpira wa miguu aliucheza alipokuwa na miaka saba, akauacha alipofika kumi na mbili, na tangu hapo hakuwahi kutazama mechi nzima. Aliniambia hivyo kwa unyoofu, naye alikubali kuja bandani kwa sababu aliona aibu kukaa ndani peke yake Jumamosi jioni wakati mtaa mzima umeondoka.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa ya Ligi Kuu ya England, timu mbili za katikati ya msimamo, nayo iliisha kwa sare tasa. Nilikaa nikiwa na wasiwasi kama mwenyeji aliyemkaribisha mgeni siku ambayo nyumbani hakuna mboga. Maswali yake niliyaandika usiku ule, kwa kuwa yalikuwa maswali ya mtu anayetaka kweli kuelewa. Aliuliza kwa nini saa ya mchezo inahesabu kwenda mbele badala ya kurudi nyuma, na mtu anajuaje muda uliobaki. Aliuliza nani amekubaliana na mwamuzi kuhusu dakika za nyongeza. Dakika ya 30 aliuliza kama kuna lolote lililokwishatokea, maana alikuwa anatafuta mahali pa kuandika kitu na hapaoni. Filimbi ya mwisho ilipolia aliuliza nani ameshinda, na kijana wa benchi la nyuma akamjibu kwa upole, "Hakuna, kaka, wamegawana pointi." Akanyamaza hadi tulipofika nyumbani.

Swali lile la dakika ya 30 lilinisumbua zaidi kuliko la sare, kwa sababu halikuhusu magoli. Tunaposema Wamarekani wanataka mabao mengi, tunasahau namna wanavyohesabu. Katika mpira wao, kuuvusha mpira hadi eneo la mwisho la uwanja ni pointi sita na teke la nyongeza ni pointi moja, kwa hiyo mechi iliyoisha 21 kwa 14 ni timu moja imefunga mara tatu na nyingine mara mbili. Kwa hesabu yetu ni 3-2. Na besiboli, mchezo ambao kwa vizazi wameuita mchezo wa taifa lao, unaweza kuchukua saa tatu na kuisha kwa 1-0, na ikiwa mrushaji mmoja amewazuia wapinzani wasipate hata pigo moja halali, mashabiki hulisimulia jambo hilo kwa wajukuu. Taifa linaloweza kukaa saa tatu kumtazama mtu mmoja akirusha na mwingine akikosa haliwezi kuitwa taifa lisilo na subira. Tofauti ni kwamba katika besiboli kila mpira unaorushwa ni tukio linalohesabiwa, lina jina na linaandikwa ubaoni. Katika mpira wetu dakika 20 zinaweza kupita na ubao ukabaki mweupe, ingawa uwanjani mambo mazito yamekwishatendeka.

Wala si kweli kwamba mchezo huu ni mgeni kwao. Hata neno wanaloliita, "soccer", ambalo Waingereza wengi siku hizi hulicheka, lilizaliwa Uingereza kwa kufupisha jina la chama kilichotunga sheria zake. Marekani ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kwanza kabisa, mwaka 1930 nchini Uruguay, na mwaka 1950 mjini Belo Horizonte iliifunga England 1-0 kwa bao la Joe Gaetjens, mzaliwa wa Haiti. Mwaka 1975 Pelé alijiunga na New York Cosmos, na Agosti 1977 watu 77,691 waliingia uwanja mmoja kuitazama timu hiyo. Kombe la Dunia la 1994 lilipochezwa kwao, lenye mechi 52 tu, liliingiza watazamaji zaidi ya milioni 3.5 viwanjani, wastani wa karibu 69,000 kwa kila mechi, na hata Qatar mwaka 2022, ikiwa na mechi 64, haikuifikia jumla hiyo. Fainali yake, Brazil na Italia pale Pasadena, ilitazamwa uwanjani na watu zaidi ya 94,000, nayo baada ya dakika 120 ilikuwa 0-0. Watu walikuja, wakajaza viwanja, wakatazama hata sare tasa. Kisha wengi wao wakarudi kwenye michezo yao. Kura ya maoni ya shirika la Gallup ya Desemba 2017 ilionyesha kwamba watu wazima 37 kati ya 100 walitaja mpira wa Kimarekani kuwa mchezo waupendao zaidi kuutazama, 11 walitaja kikapu, 9 besiboli, na 7 mpira wa miguu.

Sasa nirudi kwenye benchi la tatu. Jumamosi ya pili mgeni wangu alikaa karibu na mzee mmoja mstaafu wa reli, mteja wa kudumu ambaye nafasi yake haikaliwi na mtu mwingine hata akichelewa. Kijana alimwamkia shikamoo, mzee akaitikia marahaba, akamwita mjukuu wangu, akamnunulia karanga. Kipindi cha pili kilipoanza, mzee alichukua karanga zenye maganda akazipanga kwenye nafasi ya benchi iliyokuwa kati yao, kisha akapanga maganda matupu upande wa pili. Akamwambia, "Mpira uache, utarudi wenyewe. Mtazame huyu." Alikuwa anaonyesha beki wa kushoto. Kila beki alipopanda, mzee alisogeza karanga moja mbele kwa kidole. Kila winga alipoingia katikati, alisogeza ganda moja kumfuata, na pale lilipotoka ganda pakabaki nafasi tupu kwenye ubao wa benchi, upana wa vidole viwili. Hakueleza kwa maneno mengi, kwa sababu mchezo haukuwa unasimama na hakukuwa na wakati. Alisogeza tu, akinong'ona, "Umeona? Bado. Bado."

Ilikuwa kama dakika ya 65. Winga akaingia katikati, beki wa kulia akamfuata, na mgeni wangu akasimama kabla pasi haijapigwa. Alisimama peke yake katika banda zima, mkono mmoja umenyooka kuelekea skrini, akisema kwa lugha yake maneno ambayo hayakuhitaji mkalimani. Sekunde mbili baadaye pasi ikapigwa kwenye nafasi ileile, beki wa kushoto akaikuta, akapiga shuti, likagonga wavu wa pembeni kwa nje. Banda lote likashika kichwa. Yeye akakaa chini taratibu, akazitazama zile karanga, akamtazama mzee. Halikuwa bao, na kwenye karatasi yoyote ya takwimu pengine halikuandikwa zaidi ya kona au goli kiki. Lakini kuanzia dakika hiyo hakuuliza tena kama kuna kitu kimetokea.

Baada ya wiki kadhaa akaomba kurudisha fadhila. Jumapili moja ya mwezi wa kumi, saa mbili usiku, mechi za kwetu zikiwa zimeisha, Bi Mkubwa alimruhusu aunganishe kompyuta yake kwenye projekta ili watu waone mpira wa Kimarekani. Watu kama 15 walibaki, mzee wa reli akiwamo. Gazeti la Wall Street Journal lilipima mwaka 2010 na kukuta kwamba katika matangazo ya saa tatu hivi ya mechi ya aina hiyo, mpira unakuwa mchezoni kwa takribani dakika 11 tu, na bandani hilo lilionekana mapema. Vijana walianza kuuliza kwa nini wamesimama tena. Mgeni akachukua karanga. Kila walipojipanga alizipanga, akaeleza kwamba timu ina majaribio manne ya kusonga yadi kumi, nani atazuia, nani atakimbia, na mchezo ulipochezwa sekunde chache ukasimama, runinga ikaurudia polepole, naye akasogeza karanga kuonyesha kilichotokea. Tukaendelea hivyo kwa zaidi ya saa moja, hadi kifurushi cha intaneti kilipokwisha katika robo ya tatu. Mzee aliyekuwa amenyamaza muda wote akasema, "Mjukuu wangu, huu wako unasimama ili mtu aelezwe. Wetu hausimami. Mtu aelezwe na aliyekaa naye."

Nimelifikiria neno hilo kwa wiki nyingi, na sijapata maelezo mengine yanayolishinda. Mpira wa Kimarekani, besiboli, na kwa sehemu kubwa kikapu, ni michezo inayobeba mwalimu wake ndani. Vituo vya kusimama vimo katika sheria zenyewe, na runinga imeingia katika vituo hivyo kwa marudio, michoro, takwimu na wachambuzi, na bila shaka kwa matangazo ya biashara yanayolipia yote hayo. Mtu anaweza kukaa peke yake sebuleni Nebraska, asiwe na jirani wala babu, na bado akatoka mechi tatu baadaye akiwa anaelewa. Mpira wa miguu unakupa dakika 45 mfululizo bila kukueleza neno, kisha dakika 15, kisha 45 nyingine. Anayeutazama peke yake bila kufundishwa anaona watu 22 wakihangaika. Anayeutazama kando ya mtu anayejua anaona nafasi ya vidole viwili ikifunguka kwenye benchi. Sisi tulifundishwa na kaka, wajomba na wazee wa mabanda tukiwa wadogo kiasi kwamba tunadhani tulizaliwa tunajua.

Ukiitazama historia yao kwa jicho hilo, juhudi nyingi zilizoshindikana zinaeleweka. Ligi ile ya akina Pelé, iliyodumu kuanzia 1968 hadi 1984, ilichora mstari wa yadi 35 kutoka goli ili mchezaji asihesabiwe ameotea kabla ya kuuvuka, na ikaweka mapigo maalumu ya kumaliza sare, mchezaji akianza na mpira yadi 35 na kukimbia peke yake kumkabili kipa kwa sekunde tano. Ligi ya sasa, MLS, ilipoanza mwaka 1996 ilirudia mapigo hayo na ikaweka saa inayohesabu kurudi nyuma hadi sifuri. Msimu wa 1999 ulipoisha ikayaacha yote mawili. Kombe la Dunia la 1990 lilikatwakatwa na matangazo ya biashara kwenye runinga yao ya Kiingereza mchezo ukiendelea, na ni mwaka 1994 ndipo walipoonyeshwa mechi bila kukatwa, nembo za wadhamini zikikaa pembeni ya saa. Desemba 2025 FIFA ilitangaza kwamba katika Kombe la Dunia la 2026, la Marekani, Canada na Mexico, kila kipindi cha kila mechi kitasimamishwa kwa dakika tatu ili wachezaji wanywe maji, bila kujali hali ya hewa. Ninaelewa umuhimu wa maji. Dodoma tunalijua joto. Lakini naona pia kwamba kwa zaidi ya miaka 50 wenye biashara wamejaribu kuutia mpira vituo vya kusimama. Alichokosa mtazamaji ni mtu wa kukaa naye.

Mahali ambapo mtu huyo yupo, mpira umestawi hata huko. Familia zenye asili ya Mexico na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini zimekuwa zikiutazama kwa Kihispania vizazi na vizazi, baba na mwana kwenye kochi moja. Wanawake na wasichana wamejengewa msingi mwingine: sheria ya mwaka 1972 iliyozuia ubaguzi wa kijinsia katika elimu ilifungua michezo ya shule na vyuo kwao, mamilioni wakaucheza, na Julai 1999 watu 90,185 walikuwapo Pasadena Marekani ilipoishinda China kwa penati baada ya sare tasa. Hao hawakuhitaji kuelezwa, kwa sababu miguu yao iliukumbuka mchezo. Na katika miji kama Seattle na Atlanta, ambako mashabiki husimama pamoja na kuimba muda wote, viwanja vimejaa; fainali ya MLS ya mwaka 2018 jijini Atlanta ilihudhuriwa na watu 73,019, timu yao ikiwa na umri wa misimu miwili tu. Ujio wa Lionel Messi Inter Miami mwaka 2023 umeleta macho mengi mapya, lakini macho hayo yamekuja kumtazama mtu mmoja, na mechi zao nyingi huanza kwetu saa nane na nusu usiku, kwa hiyo hapa bandani hatuzioni isipokuwa vipande kwenye simu za vijana.

Sare ina shida yake, na hapa ubao wa Bi Mkubwa ulifanya kazi ambayo mimi nilishindwa. Nilimweleza mgeni mara tatu kwamba pointi moja si kitu cha kudharau, asielewe. Siku moja kabla ya mechi Bi Mkubwa alimwita, "Njoo hapa, mwanangu," akamwonyesha mstari aliouchora kwa chaki nyekundu chini ya msimamo, juu ya timu mbili za mwisho ambazo hushuka daraja moja kwa moja. Akamwonyesha Dodoma Jiji, Walima Zabibu wetu, waliopanda Ligi Kuu mwaka 2020, na akamweleza kwamba timu ya mkoa ikitoka sare ugenini kwa mmoja wa vigogo wa Kariakoo, pointi hiyo inaweza kuwa ndiyo itakayoiweka juu ya mstari mwekundu mwezi wa tano. Katika ligi za kwao hakuna mstari wa namna hiyo. Timu ya mwisho hubaki, na katika baadhi ya ligi hizo hupewa nafasi nzuri ya kuchagua wachezaji chipukizi. Aliusimamia ubao ule kwa muda, akasema kwamba sasa anaona kwa nini watu wanalia kwa ajili ya timu iliyo nafasi ya 13. Nadhani ndiyo siku aliyoacha kuuliza nani ameshinda.

Yapo mapungufu, nami nayaeleza ili mwenye banda ayafanyie kazi. Mabenchi hayana migongo, na mtu wa umri wangu baada ya mechi mbili mfululizo huondoka akiwa ameshika kiuno. Choo ni kimoja kwa wote, safi lakini hakitoshi siku ya watani wa jadi. Umeme ukikatika, jenereta huchukua dakika tatu hadi nne kuwashwa, na nimekwishakosa bao moja kwa njia hiyo. Jambo ninalolalamikia zaidi ni utaratibu wa kupiga kura kwa mikono pale mechi mbili zinapogongana: mara mbili tulihamishwa dakika ya 80 kwenda mechi nyingine kwa kuwa walio wengi walitaka, na waliolipa kwa ajili ya mechi ya kwanza hawakurudishiwa chochote. Runinga ndogo ya inchi 43 ipo stoo, nimeiona, na ingefaa kuwekwa upande wa nyuma kwa ajili ya mechi ya pili. Vilevile picha ya king'amuzi huchelewa sekunde chache nyuma ya redio, na waendesha bodaboda wanaosikiliza nje hushangilia bao kabla yetu. Bi Mkubwa amewaomba wahamie ng'ambo ya barabara, wengine wamekubali.

Anayetaka kwenda afike angalau nusu saa kabla ya mechi za England, na saa moja na nusu kabla ya Simba na Yanga. Anayekwenda na mgeni asiyeujua mpira asimkalishe mbele karibu na spika. Amkalishe benchi la tatu upande wa kushoto, anunue karanga zisizomenywa, amwamkie mzee.

Kijana wetu alirudi kwao mwezi wa kumi na mbili, mvua za kwanza zilipoanza na wakulima wake wakaingia shambani. Huko Omaha, mji mkubwa kuliko yote jimboni mwake, kumbe kulikuwa na timu ya mpira wa miguu, Union Omaha, iliyoanza kucheza mwaka 2020, na hakuwahi kuijali. Alinitumia ujumbe kwamba Jumamosi huenda upande wa kusini wa mji, wanakoishi familia nyingi za asili ya Mexico, kwenye mgahawa mdogo unaoonyesha ligi ya Mexico, na kwamba ameanza kukaa meza moja na mzee ambaye Kihispania chake anakielewa nusu nusu. Wiki iliyopita ilikuja picha. Juu ya meza, kati ya chupa mbili za soda, vimepangwa vipande vya chipsi za mahindi, na kimoja kimesogezwa mbele upande wa kushoto. Niliipeleka bandani nikamwonyesha mzee wa reli. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Huyu wa kulia amesimama vibaya. Mwambie amrudishe hatua mbili."